Chumvi Chini ya Msalaba

Mimi ni fundi wa stima. Nalisema hili mapema, kabla hujasikia mengine kunihusu, maana mwezi wa tatu mwaka huu kulikuwa na watu wazima, wenye akili timamu na simu za bei, walioamini kwamba mimi ni mchawi. Ushahidi wao ulikuwa kilo ishirini za chumvi ya mawe na magunia mawili ya makaa.

Picha ilinikuta Kajiado mjini, Jumanne saa nne asubuhi, nikiwa juu ya ngazi nafunga taa za duka moja la vitabu. Simu ikatetemeka mfukoni mara tisa mfululizo. Nikajua ni grupu ya kanisa, kwa sababu watu wa kanisa letu hawawezi kusema jambo mara moja wakatosheka. Nikafungua. Nikaona mtaro niliouchimba kwa mikono yangu umefukuliwa. Makaa yamerundikwa pembeni, na chumvi yangu imetandazwa juu ya gazeti kama inayouzwa. Fimbo zangu mbili za shaba zimelazwa juu ya nyasi. Chini ya picha Mzee Mugo, mmoja wa wazee wa kanisa letu, alikuwa ameandika: "Hii ndio ilikuwa imezikwa chini ya msalaba wetu, na tunajua ni nani alizika. Wakristo, amkeni."

Zikafuata amina kumi na sita. Nilizihesabu.

Nitakuwa mwongo nikisema sikukasirika. Nilikasirika mpaka bisibisi ikanitoka mkononi. Lakini nilipoikuza ile picha niione vizuri, hasira ikanitoka na nikashikwa na woga. Kwenye kona, ukutani, ukanda wangu wa shaba ulikuwa umekatwa kwa msumeno. Umekatwa kwenye urefu wa goti, hatua mbili tu kutoka mlango ambao watoto wa chekechea huingilia. Juu ya mnara wa kanisa fimbo yangu bado imesimama. Chini hakuna kitu. Walikuwa wameiachia radi mlango wazi na kubomoa njia ya kutokea.

Mvua ilikuwa imetabiriwa Alhamisi.

Acha nieleze vizuri, kwa sababu sehemu ya kosa ilikuwa yangu: nilipaswa kueleza tangu mwanzo na sikueleza.

Kanisa letu liko kwenye kilima kidogo ukitoka Kitengela kuelekea Isinya, mahali penye nyasi, nyua za waya na upepo. Ni ukumbi wa mawe wenye paa la mabati. Miaka mitatu iliyopita Mzee Mugo, mfugaji wa kuku wa Isinya na mwenye sauti isiyohitaji maikrofoni, alifiwa na mkewe Judy. Akajenga mnara wa chuma ubavuni mwa ukumbi, na juu yake akaweka msalaba wenye jina la Judy lililochomelewa. Ukiwa barabara ya Namanga unauona. Ni mzuri, sikatai. Lakini mahali pasipo mti wala ghorofa, ukisimamisha chuma kirefu namna hiyo na mguu wake ukauweka juu ya zege kavu, umeipa radi mahali pa kushukia bila kuionyesha pa kwenda.

Novemba iliyopita ikashuka. Ilikuwa Jumamosi mchana, ndani hamna mtu, na kwa hilo namshukuru Mungu hadi leo. Ilipiga msalaba, ikateremka kwenye mnara, ikafika kwenye zege na kukosa njia, ikarukia mabati, ikapasua ukuta, ikachoma amplifaya na kumalizikia kwenye ua wa waya ambako mbuzi watatu wa Naserian walikuwa wamejibanza. Naserian ni jirani yetu, mama wa Kimaasai anayeuza maziwa na asiye na subira na upuuzi. Mbuzi wake walikufa hapo hapo.

Jibu la Mzee Mugo lilikuwa tairi. Alipandisha tairi nane kuukuu za lori juu ya paa, akatangaza kwamba rubber haipitishi stima, kila mtu anajua. Nikamwambia hewa nayo haipitishi stima, na radi imepita ndani yake kutoka mawinguni mpaka hapa. Sasa tairi itaiambia nini? Akasema basi, hata hivyo, ikishapiga mahali imemaliza, hairudi. Hapo nilicheka. Nilicheka kwa sauti, mbele ya akina mama wa kwaya, na nadhani ndipo mambo yalipoharibika baina yetu.

Jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Jumatatu mpaka Ijumaa ukumbi huo ni chekechea. Mwalimu wake ni Wahu, mwanamke mpole mwenye watoto arobaini na mmoja, na mmoja wao ni mjukuu wangu Phylis, mwenye miaka mitano na pengo la meno mawili mbele. Kila nilipompeleka asubuhi niliutazama kwanza ule mnara, kisha mawingu.

Februari, Mchungaji Ishmael akanipa ruhusa ya kuweka kinga ya radi. Nikapanda mwenyewe, nikafunga fimbo ya shaba iliyochongoka juu kidogo ya msalaba. Kutoka hapo nikateremsha ukanda wa shaba nje ya ukuta, umenyooka, bila kona kali, kwa sababu radi ina haraka na kwenye kona huruka. Nikaunganisha mnara na mabati kwenye ukanda huo huo ili kusiwe na chuma kilichoachwa peke yake. Katikati nikaweka kisanduku kidogo chenye kioo, cha kuhesabu. Kila radi ikipita, tarakimu inasogea. Siku hiyo kilisoma sifuri.

Watu hudhani kinga ya radi hufukuza radi. Wengine hudhani inaiita. Haifanyi lolote kati ya hayo. Radi ikishaamua kushuka hapo, kinga inaionyesha njia, basi. Na kazi kubwa haiko juu, iko chini. Ukanda ukifika ardhini lazima ardhi iupokee. Udongo wa kilima kile ni mwamba mweupe na vumbi. Fimbo haingii futi mbili kabla ya kugonga jiwe. Nilipima kwa mashine inayoonyesha ardhi inavyoukataa umeme. Nilitaka isome chini ya kumi, ikanisomea sabini na mbili. Hiyo ni ardhi iliyofunga mlango.

Kwa hiyo nikafanya wanavyofanya mafundi wa nchi kavu. Unachimba mtaro mrefu, unalaza fimbo, unazifunika kwa makaa na chumvi, unamwagia maji. Makaa hushika unyevu, chumvi ikiyeyuka hupitisha umeme. Nilipomaliza mashine ilisoma nane, nikajisikia raha kuliko siku ya mahari yangu.

Sasa kosa. Niliifanya kazi hiyo Jumamosi jioni, jua limepoa, kwa sababu mchana mwamba ule unachoma nyayo. Naserian aliniletea maji kwa punda akaenda zake kukamua. Nikabaki peke yangu, nimepiga magoti chini ya msalaba, namwaga chumvi na makaa kwa zamu huku nikihesabu makopo kwa sauti. Na mimi huhesabu kwa Kikamba. Shule nilisoma kwa Kiingereza, lakini hesabu zangu hazijawahi kutoka Kikamba.

Pikapu ya Mzee Mugo ikapita. Ikapunguza mwendo. Alikuja kumwekea Judy maua, huja kila Jumamosi. Akaniona. Nami nikamwona ananiona. Ningemwita tu, "Mzee, njoo uone kazi hii," angeshuka. Sikumwita. Bado nilikuwa na hasira ya tairi, nikampa mgongo na kuendelea kuhesabu. Akaondoka na maua yake.

Sisi Wakamba tumesemwa kwa uchawi tangu zamani. Watu hutusema wakicheka, nasi tunacheka nao, mpaka siku wanapoacha kucheka. Mimi siku hiyo naijua. Nilikuwa na miaka tisa.

Kaka yangu Kimanzi alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mvua ilianza wakiwa uwanjani, wenzake wakakimbilia darasani, yeye akashika mlingoti wa bendera akiwachekesha. Radi ikapiga mlingoti. Tulimzika Ijumaa, na Jumatatu watu wakaanza kuuliza mama alikuwa wapi mvua ilipoanza. Alikuwa shambani peke yake, anapalilia mbaazi. Hakuna aliyemwona. Hilo likawatosha. Kabla ya mavuno tulikuwa tumehama, na ndiyo sababu mimi ni mtu wa Kitengela.

Mama yangu, ninayemwita Mwaitu kwa Kikamba, sasa ana miaka themanini na mbili na anaishi nami. Ni mzima, mcheshi, anakula vizuri. Lakini anga likinguruma tu, anatoka. Anachukua kigoda chake, anaenda kukaa langoni, mvuani, mahali kila mpita njia anaweza kumwona. Miaka yote hiyo. Nimemkemea, nimemwomba, nimemfungia mlango. Hunijibu neno moja tu: "Wanione." Anataka kesho asiulizwe alikuwa wapi.

Nilipojifunza kazi hii ndipo nilipoelewa kilichomuua Kimanzi. Radi ilikuwa inashuka tu, ikitafuta ardhi, na njia iliyokuwepo ilikuwa mtoto. Nilimweleza Mwaitu mara nyingi. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, kisha mvua ikija anachukua kigoda.

Kwa hiyo unaelewa nilivyoteremka kwenye ile ngazi ya Kajiado.

Nilimpigia Wahu kwanza. "Mwalimu, wale watoto usiwaweke hapo Alhamisi."

"Niwapeleke wapi, Mama Munguti? Nikifunga, nani atawakaa? Wazazi wao wako kwa mashamba ya maua mpaka saa kumi. Wengine watawafungia nyumbani peke yao na jiko."

Alisema kweli. Nikampigia Mchungaji Ishmael. Akaniambia nitulie, tuombe, kamati itakaa Jumapili.

"Pasta," nikasema, "radi haingoji kamati."

Akasema basi nije Jumatano asubuhi, atawaita wazee.

Nilifika na mkoba wangu wa kazi, betri ya pikipiki na beseni. Wazee walikuwa watano, wamesimama uwanjani mbali na mtaro, kama vile utawarukia. Naserian alikuwa amekuja na mtungi wa maziwa, akakaa juu ya jiwe kutazama sinema. Ndani ya ukumbi watoto walikuwa wakiimba siku za wiki.

"Takwenya," Naserian akanisalimu kwa Kimaasai.

"Iko," nikamjibu, na angalau salamu moja siku hiyo ilikuwa na joto.

Mzee Mugo hakungoja. "Mama Munguti, mimi si mtu wa kusema vitu sijaona. Nilikuona na macho yangu. Jioni, peke yako, unazika vitu hapo kwa Judy na unaongea maneno yako. Na ile chuma uliweka huko juu, hiyo ndio inaita radi. Kwanza tukae tu bila."

"Novemba haikuwa hapo. Nani aliita?"

Akainua macho kwenye mnara.

"Na maneno yangu yalikuwa hesabu, Mzee. Kopo ya kwanza, kopo ya pili. Ungekuwa unajua Kikamba ungenisaidia kuhesabu." Nilikuwa nataka kuendelea, niko na mengi ya kumpa, ya tairi na ya zaidi ya tairi. Kisha nikasikia sauti ya Phylis kutoka ndani, akipiga kelele "Alhamisi!" kabla ya wenzake, na nikameza yote. "Mzee, nisamehe kitu moja. Ulipita, nikakuona, na sikukuita. Hiyo ilikuwa makosa yangu. Hapa ni kwa Judy, ilifaa uambiwe kwanza."

Hilo hakulitarajia. Akashika kofia yake akaitazama.

"Sasa niambie hiyo chumvi ni ya nini," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

"Sitakuambia. Utafanya mwenyewe. Na hatutumii chumvi yangu. Nenda nyumbani kwako utoe ya jikoni, ile unakula. Pitia kwa jiko ubebe makaa. Pasta aiombee kama mnataka. Mimi sitaigusa."

Akaenda. Dakika arobaini. Wazee wengine walitazama viatu vyao. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Kapiti, mazito, na mimi nilikuwa nayahesabu kwa Kikamba.

Akarudi na pakiti ya chumvi iliyofunguliwa nusu na makaa kwenye sufuria. Mchungaji akaiombea. Nikampa Mzee Mugo beseni, nikamwambia ajaze udongo wa kilima, achomeke misumari miwili, mmoja kila upande, aunganishe waya kwenye betri na kwenye taa ndogo ya LED. Nilimwelekeza kwa maneno tu, mikono yangu nimeifunga nyuma.

"Hakuna," akasema. Taa ilikuwa giza tupu.

"Hiyo ndiyo ardhi yenu. Radi ikifika hapo itakuta hivyo. Weka maji."

Akamwaga maji. Taa ikawaka kinyonge, ukiizuia jua kwa kiganja ndipo unaiona.

"Sasa chumvi yako."

Akamwaga chumvi ya jikoni kwake, akachanganya na makaa yaliyopondwa kwa kidole chake mwenyewe. Taa ikawaka. Ikawaka kweli, nyeupe, wazee wote watano wakarudi nyuma hatua moja, kisha wakasogea mbele hatua mbili.

Ndipo Naserian akaangua kicheko pale juu ya jiwe. "Hiyo chumvi ng'ombe yangu inalamba kila wiki. Ng'ombe yangu pia ni mchawi?"

Mchungaji Ishmael alikuwa wa kwanza kucheka. Mzee Mugo hakucheka. Aliichomoa misumari, akairudisha, akaitazama taa ikizima na kuwaka, kama mara sita. Kisha akauliza, akiwa bado ameinama, "Na pale nilikata. Kama ingepiga leo?"

"Ingeshuka mpaka hapo kwa goti. Halafu ingetafuta kitu ya karibu."

Alitazama ule ukanda uliokatwa. Akatazama mlango. Kulikuwa na viatu vidogo vimepangwa pale, jozi arobaini na moja. Uso wake ukabadilika, na nilimhurumia, kitu ambacho sikuwa nimepanga.

"Jembe iko wapi?" akasema.

Tulichimba mchana kutwa. Mzee Mugo akiwa ndani ya mtaro amevua koti, wazee wanapokezana, Naserian na punda wake mara nne mtoni. Mtu akarusha picha kwenye grupu na hapo ndipo nilipojua faida ya watu wasioweza kusema jambo mara moja. Kufikia saa tisa tulikuwa na watu kumi na wawili na makaa ya kutosha harusi. Nikalaza fimbo. Nikaunganisha ukanda kwa vibano viwili vya shaba, nikavikaza mpaka mkono ukauma. Giza lilituzuia kabla mtaro haujalowa vizuri, na mashine ilisoma kumi na tisa. Haikunitosha.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa hapo tena, na Mzee Mugo alikuwa amenitangulia na mapipa mawili ya maji kwenye pikapu. Tukamwaga. Tukangoja. Saa nne kasoro nikapima. Saba.

"Saba ni nzuri?" akauliza.

"Saba ni nzuri sana, Mzee."

Akapiga makofi mara moja, kama aliyeuza kuku wote.

Upepo ukageuka. Nikaingia kwa Wahu nikamwambia awakalishe watoto katikati ya ukumbi, mbali na kuta na madirisha, afunge milango, na asiruhusu hata mmoja kutoka kwenda choo. Phylis akanipungia mkono. Nikatoka, na matone ya kwanza, makubwa, yakaanza kugonga mabati na zile tairi.

Tuliingia ndani ya pikapu, mimi, Mzee Mugo na Naserian, tumebanana, madirisha tumefunga.

"Hapa tuko salama," Mzee Mugo akasema. "Si ni hizi tairi?"

"Mzee Mugo."

"Nauliza tu."

"Ni bati ya gari. Radi ikipiga inazunguka kwa bati nje, inaenda chini. Tairi waachie lori."

Naserian alikuwa anacheka wakati dunia ilipogeuka nyeupe.

Sijui kuieleza. Nyeupe, na mlio ndani yake, vyote kwa pamoja, pikapu ikatikisika na mimi nikauona msalaba umesimama ndani ya mwanga ule kama umechorwa. Kisha giza la mvua likarudi na masikio yangu yakawa yanalia. Ilikuwa imepiga. Imepiga pale pale ilipopiga Novemba.

Mzee Mugo alishika kitasa cha mlango. Nikamshika mkono. "Bado! Ya pili inaweza kuja. Tukae."

"Watoto—"

"Najua! Wangu yuko huko!"

Tukakaa. Kutoka ukumbini hakukuwa na sauti, mvua tu. Nilikuwa na miaka tisa tena, natazama mlingoti. Nilimwomba Mungu kwa Kikamba na sikujali nani ananisikia. Ndipo simu ikalia.

"Mama Munguti," Wahu akasema, "tuko sawa. Wote. Nimewahesabu mara mbili, arobaini na moja. Walilia kidogo, sasa wanataka kujua kama itarudia."

Nikawapa simu waisikilize, na nyuma ya Wahu watoto walikuwa wameanza kuimba, kwa makelele, bila mpangilio, kuishinda mvua. Naserian akafunika uso kwa shuka lake. Mimi nililia waziwazi, na kama yuko wa kunicheka anicheke.

Nusu saa nzima baada ya ngurumo kusogea mbali, tukashuka. Tulikimbia, na Mzee Mugo ana miaka sitini na tisa. Ukuta mzima. Mabati mazima. Madirisha mazima. Mtaroni mvuke mwembamba ulikuwa unapanda kutoka kwenye udongo. Nikafuta kioo cha kile kisanduku kwa kidole changu.

Moja.

"Soma, Mzee," nikamwambia.

Akasogeza uso karibu, maji yanamtiririka kwenye kofia. "Moja," akasoma. Akasoma tena kwa nguvu, "Moja!" Akainua macho kwa msalaba, jina la mkewe liko pale pale halijaguswa, akapaza ile sauti yake yote: "Judy! Imepita! Imepita na hujaanguka!" Kisha akakimbilia pikapu akapiga honi, akapiga, akapiga, mpaka watu wa plot za jirani wakatoka na miavuli kuuliza ni harusi ya nani. Naserian alipiga vigelegele. Wahu akafungua milango na watoto wakamwagika kwenye matope wakiruka, na Phylis akaja akinivuta suruali akitaka kujua kama radi ilikuwa na rangi.

Jioni hiyo hiyo Mzee Mugo alipanda mwenyewe kuteremsha tairi zake. Jumapili, kabla ya sadaka, alisimama mbele akasema, "Mimi nilifukua kazi ya mtu, na nikamtaja vibaya mbele ya kanisa. Nilikuwa na makosa." Akakaa. Halafu, sikuambiwa ni nani aliyepanga, akina mama wa kwaya wakatoka mmoja mmoja, kila mmoja na pakiti ya chumvi, wakaziweka madhabahuni kwa ajili ya kuongezea mtaro mvua zijazo. Pakiti hamsini na tatu. Nilizihesabu, na unajua kwa lugha gani.

Lakini hiyo ilikuwa Jumapili. Alhamisi yenyewe nilirudi nyumbani jioni nimelowa chepechepe, nikamkuta Mwaitu jikoni anakausha nguo zake. Alikuwa ametoka kukaa langoni tena, bila shaka. Kigoda chake kilikuwa mlangoni kinadondosha maji.

"Mwaitu," nikamwambia, "imepiga kanisani. Watoto wakiwa ndani."

Akaacha nguo.

"Wote wazima. Phylis mzima. Hakuna aliyeumia."

"Ilipitia wapi?" akauliza.

"Kwenye waya wangu."

"Halafu?"

"Ikaenda chini."

"Chini tu?"

"Chini tu, Mwaitu. Ardhini. Hakuna mtu aliyeulizwa alikuwa wapi."

Kisha mbali, upande wa Athi River, anga likanguruma tena, na mimi nikajikaza, kwa sababu najua kinachofuata. Alitazama mlango. Alikitazama kigoda. Akavuta kiti cha mezani karibu na jiko, akakaa, akanisukumia kikombe chake.

"Niongezee chai," akasema.